Mali bila Daftari: Bahati Nasibu ya Serikali ya Uingereza, 1694 hata 1826

Ewe msomaji, yamkini umepata kumwona mtu akinunua tikiti ya bahati nasibu. Hutoa fedha yake, hupokea kipande cha karatasi chenye nambari, kisha huenda zake amejaa tumaini. Nani atakayeshinda hatumjui, wala hatuwezi kumjua. Lakini yako mambo mawili ambayo hayategemei bahati hata kidogo. La kwanza ni jumla ya fedha zilizokusanywa. La pili ni jumla ya zawadi zitakazotolewa. Kati ya jumla hizi mbili ipo tofauti, na tofauti hiyo huwa ni mali nyingi. Ni mali ya nani? Nani aihesabuye? Na huyo aihesabuye, ni nani amwangaliaye?

Maswali haya si mapya. Waingereza walijiuliza kwa muda wa zaidi ya karne nzima, kwa kuwa serikali yao iliendesha bahati nasibu mara kwa mara tangu mwaka wa 1694 hata mwaka wa 1826, kisha ikaipiga marufuku. Kisa chao kina mafunzo kwa kila nchi, basi na tukifuate hatua kwa hatua.

Katika mwaka wa 1694 Mfalme William III alikuwa vitani na Louis XIV wa Ufaransa. Vita hula fedha kama moto ulavyo kuni, na kodi za kawaida hazikutosha. Ndipo Bunge lilipokubali shauri la kuuza tikiti 100,000, kila moja kwa pauni 10, ili zipatikane pauni 1,000,000. Msimamizi wa shughuli hiyo alikuwa Thomas Neale, mkuu wa kiwanda cha serikali cha kupiga sarafu. Tikiti zile hazikuwa kama za leo. Hata mtu aliyepata tikiti tupu aliahidiwa pauni 1 kila mwaka kwa miaka 16. Waliobahatika, ambao idadi yao ilikuwa 2,500, waliahidiwa zaidi: tangu pauni 10 hata pauni 1,000 kwa mwaka.

Fanya hesabu nami, msomaji. Ili kutimiza ahadi hizo serikali ilitenga pauni 140,000 kila mwaka kutoka katika ushuru wa chumvi na pombe. Zidisha kwa miaka 16, utapata pauni 2,240,000. Kumbe bahati nasibu ile ilikuwa deni lililovikwa nguo za sikukuu! Serikali ilipokea milioni moja, ikaahidi kulipa zaidi ya milioni mbili. Na mlipaji wa mwisho alikuwa kila mtu aliyetia chumvi chakulani mwake, awe alinunua tikiti au hakununua.

Ahadi ni deni, na deni hilo halikulipwa kwa wakati wake. Vita viliendelea, ushuru haukuingia kama ilivyotazamiwa, na malipo yakaanza kuchelewa. Katika mwaka wa 1697 serikali ilijaribu tena, safari hii kwa kuuegemea ushuru wa kimea. Ilitoa tikiti 140,000, lakini zilizouzwa hazikufika 2,000. Fedha taslimu zilikuwa haba, maana sarafu za nchi zilikuwa zikipigwa upya. Lakini pia watu walikuwa wamekwisha kuona kwamba neno la Hazina halikutimizwa kwa siku yake. Imani ya watu ni mtaji, na mtaji huo ukiisha haununuliwi sokoni.

Mwaka uliofuata, 1698, Bunge lilitunga sheria ya kuzikataza bahati nasibu za watu binafsi, likisema kwamba ni kero kwa umma, na kwamba zimewapotezea watoto na watumishi wa watu mali yao. Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Walakini sheria ile iliacha mlango mmoja wazi: bahati nasibu iliyoruhusiwa na Bunge lenyewe. Hapo ndipo penye fundo la kisa chetu. Tangu siku hiyo serikali ilikuwa mwamuzi wa mchezo, na papo hapo ikawa mchezaji. Ilipaswa kuwalinda raia na tamaa ya kamari, na tena ilinufaika kila tamaa hiyo ilipozidi.

Sasa na tutazame kisa cha mwaka wa 1753, kwa kuwa kinatuonyesha jinsi kazi njema iwezavyo kupita katika mikono michafu. Mwaka huo alikufa tabibu mashuhuri Sir Hans Sloane, aliyekuwa amekusanya vitabu, sarafu, mimea na vitu vya kale kwa maelfu. Aliusia kwamba taifa lipewe mkusanyo wake kwa pauni 20,000 tu. Bunge lilitaka kuupokea, lakini halikutaka kuitoa fedha hiyo katika Hazina. Basi likaamuru bahati nasibu: tikiti 100,000 kwa pauni 3 kila moja, jumla pauni 300,000. Pauni 200,000 zilikuwa za zawadi, na 100,000 zilizosalia zilikuwa za gharama na za kuanzisha jumba la makumbusho.

Wasimamizi wakuu walikuwa watu watatu wa heshima isiyo na kifani: Askofu Mkuu wa Canterbury, Mkuu wa Sheria wa ufalme, na Spika wa Bunge. Sheria nayo ilikuwa ya busara, kwani ilikataza mtu mmoja kuuziwa tikiti zaidi ya 20, ili walanguzi wasizikusanye na kuwauzia wengine kwa bei ya juu. Ungedhani, msomaji, kwamba mali hiyo ilikuwa salama kama ndani ya sanduku la chuma.

Hasha! Katika maofisa waliowekwa kupokea fedha alikuwamo mmoja aitwaye Peter Leheup. Yeye aliifungua ofisi ya mauzo na kuifunga upesi, akawaambia watu waliongoja kwamba tikiti zimekwisha. Kumbe sehemu kubwa ilikuwa imekwisha kuandikwa kwa majina mengi ya bandia na kuingia mikononi mwa matajiri wachache. Punde tikiti zikaonekana mjini, zikiuzwa kwa bei iliyopanda. Malalamiko yalipozidi, Bunge lilichunguza, na Leheup akashtakiwa mahakamani. Alitozwa faini ya pauni 1,000. Faida aliyoipata katika hila ile ilikisiwa kuwa kama pauni 40,000. Pima mwenyewe uzito wa adhabu ile!

Tafadhali angalia kwa makini mahali palipokuwa na ufa. Mfuko wa makumbusho haukuibiwa. Ulipata zaidi ya pauni 95,000, na katika mwaka wa 1759 jumba la British Museum lilifunguliwa London. Mkaguzi ambaye angelitazama daftari la mwisho peke yake angeliandika kwamba hesabu ni sawa. Walioibiwa walikuwa raia wa kawaida waliofika mlangoni kwa haki wakaambiwa hakuna tikiti, kisha wakazinunua kwa mlanguzi. Wadhamini wale watatu walikuwa watu wakubwa mno hata hawakusimama mlangoni. Usimamizi wa jina si usimamizi. Msimamizi wa kweli ni yule ashukaye hata mahali fedha inapobadilisha mikono.

Kuvuta kura nako kulikuwa na ulinzi wake. Katika ukumbi wa Guildhall yaliwekwa magurudumu mawili makubwa: moja lilitiwa nambari za tikiti, la pili lilitiwa vikaratasi vya zawadi na vitupu. Wavulana wa shule ya Christ's Hospital, wenye kanzu ndefu za buluu, ndio waliochomoa karatasi mbele ya makamishna na umati wa watu. Watoto walichaguliwa kwa kuwa ilidhaniwa kwamba mtoto hana hila. Lakini katika mwaka wa 1775 iligunduliwa kwamba mvulana mmoja alikuwa ameshawishiwa na mtu mzima kuificha tikiti, kisha kujifanya ameitoa gurudumuni. Tangu hapo iliamriwa kwamba mifuko ya wavulana ishonwe, na kila mmoja auonyeshe mkono wake wazi kabla ya kuutia ndani ya gurudumu. Serikali ikawa inaulinda mkono wa mtoto, na huku mikono ya watu wazima ikizidi kufanya kazi nje ya ukumbi.

Kazi hiyo ya nje ilikuwaje? Kufikia mwisho wa karne ya 18 Hazina haikuuza tikiti kwa raia tena. Iliziuza kwa jumla kwa makampuni ya madalali waliotoa bei ya juu kabisa. Tikiti ambayo sehemu yake katika zawadi zote, zikigawanywa sawasawa, ilikuwa pauni 10, serikali iliweza kuwauzia madalali kwa zaidi ya pauni 15. Nao wakaongeza faida yao juu. Kwa kuwa bei hiyo haikuwezekana kwa mtu wa kazi ya mikono, madalali waliigawa tikiti nusu, robo, thumuni, na sehemu ya kumi na sita; na kila ilivyogawanywa, ndivyo bei ya jumla ilivyozidi kupanda. Aliyenunua kipande kidogo kabisa ndiye aliyelipa ghali kuliko wote. Mwanachuoni Adam Smith, katika kitabu chake cha mwaka wa 1776, alieleza kwamba anayenunua tikiti nyingi hajiongezei yakini ya kupata, bali huikaribia yakini ya kupoteza.

Mbaya zaidi ilikuwa ile iliyoitwa bima. Kuvuta kura kulichukua siku nyingi, hata zaidi ya mwezi mzima. Basi mtu asiye na tikiti aliweza kuweka shilingi chache kwa wakala, akibashiri kwamba nambari fulani itatoka siku fulani. Fedha hizo hazikuingia Hazina hata senti. Zilikuwa za mawakala wa uchochoroni. Watumishi wa nyumbani, mafundi na wajane waliweka rehani nguo na matandiko yao. Sheria nyingi zilitungwa, maaskari walilipwa, watu walifungwa, na bado biashara ile haikufa, kwa kuwa mzizi wake ulikuwa bahati nasibu ya serikali yenyewe.

Katika mwaka wa 1808 Bunge liliteua kamati kuchunguza. Kamati iliwasikiliza mahakimu, makasisi na watu wengine walioyaona maisha ya maskini kwa macho yao, ikakata shauri kwamba ubaya umo katika msingi wa mpango wenyewe, wala hakuna kanuni itakayouponya. Je, bahati nasibu ilikoma mwaka huo? Haikukoma. Hazina ilikuwa imezoea fedha ile, na vita vya Napoleon vilikuwa vikiendelea. Ilipita miaka 18 zaidi. Sheria ya kuimaliza ilipitishwa mwaka wa 1823, na kura ya mwisho ilivutwa tarehe 18 Oktoba 1826.

Waingereza walirudia jambo hili baadaye, lakini kwa mpango mwingine. Sheria ya mwaka wa 1993 iliruhusu bahati nasibu ya taifa, na kura ya kwanza ikavutwa tarehe 19 Novemba 1994. Safari hii mwendeshaji alikuwa kampuni yenye leseni ya muda. Mwangalizi alikuwa ofisi mbali. Na wagawaji wa fedha za michezo, sanaa na misaada walikuwa vyombo vingine mbali kabisa. Katika miaka ya mwanzo, kwa kila pauni iliyotolewa, karibu nusu ilikuwa ya zawadi, kama senti 28 zilikwenda katika kazi za manufaa, senti 12 zilikuwa kodi, na baki ikawa ya wauzaji na mwendeshaji. Mgawanyo huo ulitangazwa, na kila raia aliweza kuusoma. Haukuondoa swali la kwamba wanaonunua zaidi huenda wakawa ndio wasio na cha kupoteza. Lakini ulijibu swali la kwamba fedha imekwenda wapi.

Sisi nasi hatuko mbali na habari hizi. Katika mwaka wa 1966 Bunge la Kenya lilitunga sheria ya kamari na bahati nasibu, likaunda bodi ya kutoa leseni na kuangalia wenye michezo hiyo. Kwa hiyo swali la nani amwangaliaye mwenye kuhesabu ni swali letu pia.

Msomaji, kesho huenda ukawa karani, mweka hazina wa chama cha ushirika, diwani, au mbunge. Utakapoletewa mpango wa kukusanya fedha za watu kwa jina la shule, hospitali au taifa, usiridhike na uzuri wa jina hilo. Uliza mambo matatu. Kwanza, katika kila shilingi, ni senti ngapi zinazofika pale tulipoahidiwa? Pili, yule anayesimamia, je, ananufaika mchezo ukizidi? Tatu, ni nani anayesimama mlangoni, na akikosa, je, adhabu yake inazidi faida yake? Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kisa cha Leheup kinatuongezea neno moja: hata daftari lenyewe linahitaji msomaji mwenye macho, na msomaji huyo yakupasa uwe wewe.