Tabibu wa Karema na Muuguzi Anayeondoka

Mwezi uliopita nilipata ujumbe kutoka kwa muuguzi mmoja, mzaliwa wa Karema, ambaye nilimfundisha somo la stadi za maendeleo alipokuwa mwaka wa kwanza. “Shikamoo Mwalimu,” aliandika. “Nimepata kazi Uingereza. Naomba uniandikie barua ya utambulisho. Hapa nyumbani nimesubiri ajira mwaka wa tatu sasa.” Niliahidi kuiandika wiki hiyohiyo, kisha nikakaa nayo siku 10. Haikuwa kwa sababu sina la kusema juu yake. Ni jina la kijiji chake lililonizuia.

Msomaji asiyeijua Karema aelewe kwamba ni kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi, kikitazamana na Kongo. Mwaka 1879 Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianzisha hapo kituo cha jumuiya iliyoundwa na Mfalme Leopold wa Pili. Mwaka 1885, mataifa ya Ulaya yalipokuwa yakigawana bara letu, Wabelgiji walikiacha kituo hicho mikononi mwa Mapadri Weupe, nayo ngome ikawa misheni. Miaka minne baadaye akawasili mtu ambaye maisha yake yanalihusu moja kwa moja ombi la muuguzi wangu.

Mtu huyo ni Adrien Atiman. Alizaliwa kando ya Mto Niger, katika nchi tunayoiita Mali leo, akatekwa angali mtoto na kuuzwa utumwani. Mapadri Weupe walimkomboa kule Algeria, kisha wakampeleka Malta kusomea utabibu. Mwaka 1888 alianza safari ya kuja Tanganyika, na mwaka 1889 akafika Karema. Hapo alifanya kazi ya utabibu na ukatekista hadi alipofariki mwaka 1956. Ni miaka 67. Alimwoa msichana wa Kibende, Agnes Wansahira, na mwana wao Joseph akawa padri. Simulizi ya maisha yake, aliyoisimulia mwenyewe, ilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Kwa lugha ya leo tungesema Atiman alikuwa mfanyakazi mwenye ujuzi aliyepata ukazi wa kudumu ughaibuni. Lakini ughaibuni kwake kulikuwa Karema, na hakuna ofisa aliyemgongea muhuri wa ukazi huo. Alikuta utawala wa Wajerumani ukiingia, akauona ukiondoka na Waingereza wakichukua nafasi yao, akafa miaka mitano kabla ya uhuru bila kupata kuwa raia wa taifa letu. Kilichomfanya mkazi ni kazi, ndoa, watoto na kaburi.

Hata hivyo nisiipake historia hii sukari. Atiman hakuchagua kuondoka kwao, alinyakuliwa. Hata Malta na Karema yalikuwa maamuzi ya wengine kabla hayajawa yake. Tunaposifu utumishi wake, tukumbuke kwamba kipo kijiji kando ya Niger kilichompoteza mtoto ambaye angeweza kuwa tabibu wao. Kila tabibu anayefika mahali ameondoka mahali.

Katavi ina kisa kingine cha ukazi. Mwaka 1972 wakimbizi kutoka Burundi walipokelewa Katumba, na baadaye wengine Mishamo. Hawakuletwa na vyeti. Walipewa ardhi, wakafyeka pori, wakalima, wakalipa kodi na kulisha masoko ya Mpanda. Mwaka 2014 wakimbizi hao wa 1972, pamoja na wenzao wa Ulyankulu, Tabora, zaidi ya watu 160,000, walipewa uraia wa Tanzania. Ilichukua miaka 42. Jembe nalo ni ujuzi, ingawa hakuna nchi niijuayo inayoliandikia viza.

Sasa nirudi kwa muuguzi wangu. Viza anayoiomba humfunga kwa mwajiri anayemdhamini. Kazi ikikoma, kwa kawaida hupewa siku 60 tu za kupata mdhamini mwingine au kuondoka. Kwa muda mrefu utaratibu umekuwa kwamba baada ya miaka 5 anaweza kuomba ukazi wa kudumu, akishafaulu mtihani wa maisha ya Uingereza. Mei 2025 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kusudio la kukifanya kipindi cha kawaida kiwe miaka 10. Na ukazi wenyewe huitwa wa kudumu, ila mtu akikaa nje ya nchi hiyo zaidi ya miaka 2 mfululizo, kwa kawaida hupotea. Akitaka usalama zaidi achukue uraia. Na akiuchukua, sheria yetu ya uraia ya mwaka 1995 inamvua Utanzania.

Tanzania imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na mwongozo wa Uingereza unakataza waajiri wao kuja kuwasaka watumishi wetu. Haukatazi mtu kuomba mwenyewe. Hivyo mlango mkubwa umefungwa kwa heshima, na mlango mdogo unaachwa wazi.

Wapo watakaosema kijana huyu hana uzalendo. Mimi siwezi kuyatamka maneno hayo. Uzalendo haumlishi mtu aliyesomeshwa kwa mbuzi na mashua za wazazi wake, kisha akakaa miaka mitatu na leseni ya uuguzi kabatini, huku zahanati za mkoa wake zikilia uhaba wa watumishi. Nchi inayomsomesha muuguzi, ikakosa bajeti ya kumwajiri, imekwisha kumwambia aondoke. Viza inakuja kuandika tu kile tulichokitamka sisi wenyewe.

Hili ndilo ninaloliona katika historia ya Karema: mtu hukaa pale ambapo ujuzi wake unapokewa pamoja na utu wake. Atiman alipewa wagonjwa, mke na jamaa. Watu wa Katumba walipewa ardhi, na hatimaye jina la uraia. Muuguzi wangu anataka kitu hichohicho, naye amekikosa mahali alipozaliwa.

Kwa ndugu zangu watumishi wa umma wanaosoma hapa, nina mambo mawili. Kwanza, nafasi za ajira ya afya zipangwe kuanzia pembezoni, Karema kabla ya jijini, zikiambatana na nyumba ya kuishi. Pili, kama ni lazima waende, waende kwa mikataba baina ya serikali, yenye muda, ulinzi wa mfanyakazi na fidia kwa gharama za mafunzo. Hadhi maalumu kwa watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje, ambayo Bunge limekwisha kuiwekea sheria, nayo iwe njia halisi ya kurudi kufanya kazi, isiwe kadi ya kununulia kiwanja tu.

Barua niliiandika siku ya kumi na moja. Nilieleza kwamba ni mwaminifu, mchapakazi, na ana lugha njema kwa wagonjwa. Yote ni kweli. Nilipomtumia, alijibu: “Ahsante Mwalimu. Nikipata ukazi nitarudi kumwona mama.” Hakusema nitarudi kukaa, nami sikuwa na haki ya kumuuliza.