Stihizai Si Mzaha

Ndugu msomaji, liko neno ambalo wazee wetu walilitumia kwa hadhari, na leo ni wachache walitumiao: stihizai. Asili yake ni Kiarabu, istihzaa. Wengi hulichanganya na mzaha na utani, kana kwamba vicheko vyote ni kimoja.

Sivyo. Katika Suratul Baqara, aya ya 14, tunaelezwa habari za wanafiki: wakikutana na Waumini hudai kuwa wameamini, kisha wakiwa faraghani na wakubwa wao husema kuwa walikuwa wakiwafanyia stihizai tu. Basi ndani ya neno hili mna dharau ya moyoni na mna kusudi la kumdhalilisha mtu. Mzaha hauna hayo. Bwana Mtume (s.a.w.) alifanya mzaha na Masahaba wake, wala hakusema ila kweli. Na utani, kama walio nao Wangoni wa Ruvuma na watani wao, una ruhusa ya pande mbili: nikikucheka leo, kesho wanicheka wewe, hata msibani.

Hebu tulipime neno hili kwa kisa cha huko huko Ruvuma, katika mwambao wa Ziwa Nyasa. Mji wa Liuli ulikuwa katika Wilaya ya Mbinga mpaka Wilaya ya Nyasa ilipoundwa mwaka 2012. Wadachi walipaita Sphinxhafen, kwa ajili ya jabali lililowakumbusha lile sanamu kubwa la Misri, Abul Hauli. Tarehe 13 Agosti 1914, siku 9 baada ya Uingereza kutangaza vita juu ya Ujerumani, nahodha Rhoades alifika hapo na manowari yake Gwendolen. Aliikuta meli ya Kidachi, Hermann von Wissmann, imepandishwa nchi kavu kutengenezwa, akaipiga mizinga. Mizinga mingi ilikosa shabaha.

Nahodha wa Kidachi alikuwa rafiki yake wa kunywa naye (Mwenyezi Mungu atuepushe na kinywaji hicho), na habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Akaingia katika mashua, akamwendea akifoka, akamwuliza kama amelewa. Akashikwa mateka.

Mtu akisimulia kuwa Mdachi yule alimstihizai Rhoades, amekosea neno. Alimkaripia rafiki. Hasira ilikuwapo, dharau haikuwapo.

Kisa hiki husimuliwa hadi leo kwa kicheko, kama kwamba vita vile vilikuwa mchezo wa manahodha wawili. Lakini katika vita hivyo vya Afrika Mashariki, vilivyokwisha Novemba 1918, wapagazi zaidi ya 40,000 waliowachukulia Waingereza mizigo walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Msimuliaji anayewasahau hao, je, tumwite mwenye stihizai? Mimi siliridhii neno hilo kwake, maana hakukusudia kuwadharau. Huyo ameghafilika. Lakini aliyekwisha kuijua hesabu yao, kisha akacheka vile vile, huyo neno lake ni hilo.