Kipeuo cha Pili cha Namba Hasi: Kutoka Cardano Hata Kompyuta

Katika tambarare ya kaskazini mwa Ziwa Nyasa, baina ya Ipinda na Matema, Wanyakyusa wa Kyela hulima mpunga. Tuseme mkulima mmoja wa huko ameagizwa apime shamba la mstatili, ambalo urefu na upana wake ukijumlishwa hupata hatua 10, na eneo lake ni hatua za mraba 40. Atapima asubuhi hata jioni asilipate. Kwa jumla hiyo, shamba kubwa kuliko yote ni la hatua 5 kwa 5, nalo eneo lake ni 25 tu.

Hesabu hii, ijapokuwa nimeivika mavazi ya Kyela, ni ya Girolamo Cardano wa Italia, aliyeiandika katika Ars Magna mwaka 1545. Alitaka 10 igawanywe mafungu mawili ambayo yakizidishwa hupata 40. Jawabu lake ni 5 kuongeza, na 5 kutoa, kipeuo cha pili cha hasi 15. Na mwenyewe alilihukumu kuwa lina werevu mwingi lakini halina faida. Mwaka 1572 Rafael Bombelli alizipa namba hizo kanuni za kujumlisha na kuzidisha. René Descartes, mwaka 1637, alizitaja kuwa ni za kuwaziwa tu. Mwaka 1831 Gauss alizitetea kwa jina lisilo la dharau, na sisi leo twaziita namba changamani.

Neno letu kipeuo lastahili kutazamwa. Limetofautiana na kipeo kwa irabu u peke yake, na irabu hiyo hutukumbusha kauli ya kutendua: funga na fungua, ziba na zibua. Kinyakyusa nacho kina igala, yaani kufunga, na igula, yaani kufungua. Lakini hakitenduliwi kisichotendwa. Hakuna namba halisi iliyozidishwa kwa yenyewe ikazaa hasi 15. Basi anayetafuta kipeuo chake miongoni mwa namba halisi afungua mlango ambao haukufungwa na mtu.

Kompyuta zilipokuja, swali la Cardano likarudi. Kanuni za lugha ya Fortran za mwaka 1966 zilikuwa na aina ya pekee ya namba changamani. Kanuni ya IEEE 754 ya mwaka 1985 iliweka alama yenye maana ya “si namba”, ambayo mashine huitoa inapoombwa kipeuo cha namba hasi, kisha ikaendelea na kazi. Lugha ya Python ina njia mbili: zana yake ya hesabu za kawaida hukataa na kutangaza kosa, na zana yake ya namba changamani hutoa jawabu kamili.

Pana hatari hapa. Mashine haihifadhi desimali zote kwa ukamilifu. Ukitoa jumla ya 0.1 na 0.2 katika 0.3, hupati sifuri, bali hasi ndogo mno, takriban 5.55 mara 10 kwa kipeo cha hasi 17. Kwa hiyo watunga programu wengi huwa na desturi ya kugeuza kila hasi kuwa sifuri kabla ya kutafuta kipeuo. Kwa hasi ya namna hii, iliyozaliwa na ukadiriaji, desturi hiyo yafaa. Lakini ukiitumia kwa shamba letu, hasi 15 itakuwa sifuri, na mashine itajibu bila haya: hatua 5 kwa 5. Mkulima aliyeahidiwa 40 atalima 25, wala hapana onyo lililotolewa.

Hapo ndipo ilipo kazi yetu wanalugha. Mtoto wa Kyela hujifunza kipeuo kwa Kiswahili katika shule ya msingi, na namba changamani kwa Kiingereza katika vidato vya juu. Yatupasa tumpe maneno matatu yasiyochanganyika: hasi ya ukadiriaji, ambayo husahihishwa, si namba, ambayo ni onyo kwamba swali halina jawabu katika namba halisi, na namba changamani, ambayo ni jawabu la kweli kwa aliyeliomba. Mwenye kuyajua matatu hayo hataandika sifuri kabla ya kuuliza hasi yake imetoka wapi.