Kiraka cha Usiku

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, alikuja kwetu Tanga wakati wa likizo akiwa na kompyuta yake ya mkononi, na ndani yake mlikuwa na kazi ya miezi saba. Kazi yenyewe, kwa mtu wa umri wangu, ilionekana kama mchezo wa mtoto. Alikuwa ameuchukua mchezo mmoja wa kompyuta, wa safari na mapigano, wenye maneno mengi kuliko riwaya nyingi nilizosoma, akawa anayafasiri maneno hayo kwa Kiswahili, sentensi baada ya sentensi, ili mdogo wake wa kike, ambaye Kiingereza chake bado ni cha kubabaisha, naye acheze na aelewe nani anamwambia nani nini. Hakuna aliyemtuma, wala aliyemlipa.

Asubuhi moja nilimkuta barazani, uso umemshuka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mchezo umejisasisha usiku, mjomba. Umerudi Kiingereza."

Alikuwa ameyaandika maneno yake ndani ya mafaili ya mchezo wenyewe. Usiku, kompyuta ikiwa imeunganishwa na simu yangu, toleo jipya lilishuka lenyewe, likala bando langu la wiki nzima, likayafuta mafaili aliyoyahariri na kuweka mengine mahali pake. Nakala nyingine hakuwa nayo, isipokuwa kama theluthi moja aliyowahi kumtumia mdogo wake. Mchezo huo na duka uliponunuliwa sitavitaja. Mimi nilisikitikia bando, yeye alisikitikia maneno, na katika kutaka kumfariji nikaanza kusoma habari za mambo haya, nikakuta kwamba msiba wake una historia ndefu.

Desturi ya wachezaji kuuchokonoa mchezo walioununua ni ya zamani. Mwaka 1983 watu waliuchukua mchezo wa Castle Wolfenstein, uliotoka mwaka 1981, wakawageuza askari wa Kinazi kuwa vikatuni vya rangi ya buluu na kuuita Castle Smurfenstein. Kampuni ya id Software ya Texas ilipotoa Wolfenstein 3D mwaka 1992, wachezaji walifanya yale yale: walipenya ndani ya mafaili na kuweka picha na sauti zao juu ya zile za asili. Basi walikuwa na tatizo la mpwa wangu, ila lililogeuzwa. Kwao kilichopotea kilikuwa cha asili, na aliyekitaka tena ilimbidi auweke mchezo upya tangu mwanzo.

John Carmack, mwandishi mkuu wa programu wa kampuni hiyo, hakuwafukuza watu hawa. Katika Doom, uliotolewa tarehe 10 Desemba 1993, aliitenga injini ya mchezo mbali na picha, sauti na ramani zake, akavitia hivi vya pili katika faili moja kubwa la aina iliyoitwa WAD. Aliyetaka kubadili kitu alitengeneza WAD yake ndogo, na mchezo ukiamriwa uliisoma juu ya ile ya asili pasipo kuigusa. Ni kama mtu anayevaa koti juu ya kanzu: akilivua, kanzu ni ile ile. Ukarimu huu ulikuwa na hesabu ndani yake, kwani sehemu ya kwanza ya Doom iligawiwa bure, lakini aliyekuwa na hiyo ya bure hakuweza kupakia WAD za wenzake mpaka anunue mchezo mzima. Hata hivyo ukarimu ulikuwapo, na mwaka 1997 kampuni ikaitoa hadharani hata programu ya injini. Ndiyo sababu ramani zilizochorwa na vijana mwaka 1994 bado zinafunguka leo.

Katika miaka hiyo kiraka, yaani programu ndogo ya kurekebisha kasoro, ulikifuata mwenyewe. Ulikipata katika diski iliyoambatana na gazeti la kompyuta, au ulikipakua polepole kwa waya wa simu. Kama hukukitaka, mchezo wako ulibaki ulivyo mpaka diski iharibike.

Kilichoigeuza hali hiyo ni, kwa sehemu kubwa, modi. Mwaka 1999 Minh Le na Jess Cliffe walitengeneza Counter-Strike kama nyongeza ya mchezo wa Half-Life wa kampuni ya Valve. Ilipendwa mno, Valve wakainunua na kuiuza kama mchezo kamili mwaka 2000. Lakini mchezo wa watu wengi mtandaoni unataka wote wawe na toleo moja. Kila kiraka kilipotolewa, wachezaji wengi walikatika na seva kwa siku kadhaa, mpaka kila mmoja akitafute na kukiweka. Wadanganyifu nao walihitaji kuzibiwa mianya upesi. Basi tarehe 12 Septemba 2003 Valve walifungua Steam, programu ambayo kazi yake kubwa mwanzoni ilikuwa kuleta viraka bila kumsumbua mtu. Mwaka uliofuata Half-Life 2 haikuchezeka bila Steam, hata kwa aliyeinunua katika boksi. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba sasisho la lenyewe lilibuniwa kwa ubaya. Lilibuniwa kwa ajili ya michezo ya watu wengi, kisha likaenezwa hadi kwa mtu anayecheza peke yake chumbani, ambaye hana wa kulingana naye toleo.

Huyo wa chumbani ndiye aliyeumia. Tuuchukue Skyrim, wa mwaka 2011. Wapenzi wake walitengeneza programu iitwayo SKSE, inayoyapa modi uwezo ambao mchezo wenyewe haukuyapa. Ili ifanye kazi, SKSE lazima ijue kila kitu kinakaa wapi ndani ya programu ya mchezo. Ni kama kumwelekeza mgeni: nyumba ya tatu baada ya mwembe. Mwembe ukikatwa, na nyumba moja ikijengwa njiani, mgeni atauendea mlango wa watu wengine, na kompyuta haina adabu ya kupiga hodi, huanguka tu. Tarehe 11 Novemba 2021, mchezo ulipotimiza miaka 10, lilitoka toleo ambalo ndani yake karibu kila kitu kilikuwa kimehama. SKSE ikatengenezwa upya, na modi nyingi zilizoitegemea vilevile. Ila baadhi ya waliozitunga walikuwa wamekwisha kuoa, kuajiriwa na kusahau. Modi zao zilibaki maiti mpaka atokee wa kuzifufua.

Wajuzi wakabuni ujanja. Katika Steam walichagua mchezo usisasishwe mpaka utakapofunguliwa, kisha wakawa hawaufungui kwa Steam kamwe, bali kwa SKSE, kama mtu anayeingia kwake kwa mlango wa uani ili asikutane na mdai. Duka la GOG, lililoanzishwa Poland mwaka 2008, lina desturi nyingine: humpa mnunuzi faili la kusakinishia alihifadhi mwenyewe, na programu yake humruhusu kuzima masasisho na hata kurudi toleo la nyuma. Minecraft nayo ya kompyuta huruhusu kuchagua toleo la kale. Lakini Skyrim ilipofika GOG mwaka 2022, programu yake haikuwa sawa na ile ya Steam, hivyo SKSE ikalazimika kuwa na nakala ya kila duka.

Kisa kilichonigusa zaidi ni cha Fallout: London, modi kubwa kama mchezo kamili, iliyotengenezwa na watu wa kujitolea kwa miaka kadhaa juu ya Fallout 4. Ilipangwa kutoka tarehe 23 Aprili 2024. Kampuni yenye mchezo ikatangaza sasisho lake la tarehe 25 Aprili, siku mbili baadaye. Watu wale wakaahirisha, na modi ikatoka tarehe 25 Julai kwa njia ya GOG. Wenye mchezo wa Steam iliwabidi kwanza waurudishe nyuma kwenye toleo la kale.

Nilimsimulia mpwa wangu haya yote. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akaniambia la WAD alilijua. Mchezo wake nao una folda ya pembeni kwa kazi hiyo hiyo, ila yeye aliona uvivu. Sasa ameanza upya, ndani ya folda hiyo, na kila Ijumaa hunitumia nakala nimtunzie. Juzi mdogo wake alinipigia simu kuuliza kwa nini yule muuza dawa wa kijiji cha kwanza, aliyekuwa akisema "karibu mwanangu", siku hizi anasema "karibu mteja". Nikamwambia amuulize kaka yake, maana ile ya kwanza hata mimi naiona ilikuwa nzuri zaidi.