Kahawa, Ardhi na Sanduku la Kura: Masuala ya Kisera na Uamuzi wa Wapiga Kura katika Bukoba na Muleba, 1953–2020

Ikisiri

Insha hii inachunguza masuala ya kisera yaliyoathiri uamuzi wa wapiga kura katika Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, tangu miaka ya mwisho ya ukoloni hadi Uchaguzi Mkuu wa 2020. Hoja kuu ni kwamba uzito wa suala katika maisha ya watu hautoshi kulifanya liamue kura. Suala huamua kura pale tu mpiga kura anapoweza kumtambua mhusika wa sera na kumwajibisha kupitia kiti kinachogombewa. Pasipo hali hiyo, wananchi hutafuta njia nyingine, zikiwamo magendo, kuhama na kutopiga kura.

1.0 Utangulizi

Maelezo yaliyozoeleka kuhusu kura za Buhaya ni ya aina mbili. Aina ya kwanza huzieleza kwa dini na ukoo: Mkatoliki humchagua Mkatoliki, Mlutheri humchagua Mlutheri, na ukoo mkubwa humbeba mtu wake. Aina ya pili huzieleza kwa utii wa chama: kijijini chama tawala hushinda kwa mazoea, na mjini upinzani hupata wafuasi kwa sababu watu wamesoma. Maelezo yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini yote mawili yanamwona mpiga kura kama mtu asiyepima sera.

Insha hii inamchukulia mpiga kura kuwa mtu anayepima. Swali lake ni hili: ikiwa bei ya kahawa imekuwa kilio cha wakulima wa Bukoba na Muleba kwa vizazi vitatu, kwa nini kilio hicho kimebadilisha mshindi wa kiti mara chache sana? Ili kulijibu, insha inalinganisha maeneo mawili yenye lugha, mazao na historia inayofanana, lakini yenye matokeo tofauti ya uchaguzi. Bukoba Mjini kiti cha ubunge kimehama kutoka chama kimoja kwenda kingine. Muleba Kaskazini na Muleba Kusini, kwa upande mwingine, vimebaki mikononi mwa CCM katika chaguzi zote kuanzia 2000 hadi 2020.

2.0 Kibanja kama chimbuko la siasa

Uchumi wa Mhaya ulijengwa juu ya kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni lililozunguka nyumba. Mgomba ulitoa chakula na mbuni ulitoa fedha ya kodi na ada ya shule. Kwa sababu hiyo, sera yoyote iliyoingia kibanjani iliingia nyumbani. Mwaka 1937 serikali ya kikoloni ilipoleta kanuni za kuwalazimisha wakulima kutunza na kuuza kahawa kwa namna iliyoamriwa, Bukoba ililipuka kwa maandamano. Wakulima hawakuikataa kahawa yenyewe. Walichokataa ni amri ya mtu mwingine juu ya mti wao.

Tukio lenye uzito zaidi kwa mjadala huu lilitokea mwaka 1953. Serikali ilianzisha kampeni ya kupambana na fukusi wa migomba, na maofisa wakaingia vibanjani kwa nguvu ya sheria. Ali Migeyo, mwanaharakati wa Chama cha Waafrika wa Tanganyika (TAA), aliongoza upinzani wa kampeni hiyo, na mkutano wake wa Kamachumu, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Muleba, ulimfikisha gerezani. Gelase Mutahaba, katika wasifu wa Migeyo aliouchapisha mwaka 1969, anaonesha jinsi suala hilo la kilimo lilivyokuwa daraja la kuwafikisha wanavijiji kwenye siasa ya taifa. TANU ilipoanzishwa mwaka 1954, ilikuta Buhaya umma uliokwisha kujifunza kuhusisha mgomba wake na mamlaka ya dola.

Jambo la kuzingatia hapa ni kwamba mhusika wa sera alikuwa dhahiri. Bwana shamba alionekana kwa macho na Mkuu wa Wilaya alijulikana. Malalamiko yalikuwa na anwani. Hali ilikuwa hivyo pia kuhusu nyarubanja, mfumo wa umiliki uliomfanya mkulima kuwa mpangaji wa mtawala au mtu aliyependelewa naye. TANU iliahidi kuuondoa, na sheria ya mwaka 1965 ikaanza kuwapa wapangaji haki ya ardhi waliyoilima. Göran Hydén, aliyefanya utafiti Buhaya na kuuchapisha mwaka 1968, alikiona chama hicho katika hatua hiyo kikiwa bado karibu na matakwa ya wanavijiji.

3.0 Ushirika na kupotea kwa mhusika

Chama Kikuu cha Ushirika cha Bukoba, kilichoanzishwa mwaka 1950, kiliwapa wakulima chombo cha kuuza kahawa yao na, kwa kiasi fulani, uwanja wa kupiga kura nje ya uchaguzi wa serikali. Viongozi wa ushirika walichaguliwa, wakaulizwa maswali na hata kuondolewa. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika nchini na kuikabidhi kahawa kwa mamlaka ya zao. Sheria ya mwaka 1982 ilifungua tena mlango wa ushirika, na Chama Kikuu cha Ushirika cha Kagera (KCU) kikaundwa upya. Mwaka 1994 biashara ya kahawa ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi.

Mabadiliko hayo yalikuwa na matokeo ya kisiasa ambayo hayajatiliwa maanani vya kutosha. Kila hatua ilimwongezea mkulima mtu wa kumlaumu, na hivyo ikampunguzia uwezo wa kumwajibisha yeyote. Bei iliposhuka, chama cha msingi kilikielekeza kidole chama kikuu, chama kikuu kikailaumu bodi na tozo, bodi ikalitaja soko la dunia, na mbunge akaahidi kulifikisha suala bungeni. Bei ya kahawa duniani ilipoanguka kati ya mwaka 1999 na 2002, maumivu yalikuwa makubwa, lakini mkosaji hakuonekana. Hakuna mgombea wa Muleba ambaye mpiga kura angeweza kusema kwa haki kwamba ndiye aliyeishusha bei.

4.0 Bukoba Mjini: suala lenye anwani

Katika uchaguzi wa mwaka 2000, kiti cha Bukoba Mjini kilichukuliwa na Wilfred Lwakatare wa CUF. Mwaka 2005 na 2010 kilikuwa cha Khamis Kagasheki wa CCM. Mwaka 2015 Lwakatare alikirejesha, safari hii kwa tiketi ya CHADEMA. Mfululizo huu unayatia shakani maelezo ya dini. Mkristo alishinda kwa tiketi ya CUF wakati ambapo chama hicho kilihusishwa zaidi na Zanzibar na pwani yenye Waislamu wengi, na Mwislamu akashinda mara mbili katika mji uliozungukwa na misheni kongwe za Kikristo.

Msomaji anaweza kupinga kwamba mfululizo huo unathibitisha nguvu ya mtu, si ya sera. Pingamizi hilo lina uzito, lakini halitoshi. Ikiwa jina la Lwakatare lilikuwa na mvuto wa kutosha peke yake, kwa nini lilishindwa mwaka 2010 na kushinda mwaka 2015 dhidi ya mshindani yuleyule? Kilichobadilika katikati ni hali ya mji. Kati ya mwaka 2012 na 2014, Halmashauri ya Manispaa ya Bukoba iligawanyika kuhusu mradi wa upimaji wa viwanja na mpango wa kujenga upya soko kuu. Madiwani wa chama kimoja walipingana hadharani, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akafanya ukaguzi, na Meya akaachia ngazi.

Viwanja na soko ni masuala ya kisera yenye anwani. Mfanyabiashara wa sokoni alijua ni kikao gani kingeamua kama angebaki na meza yake. Mwenye kibanja pembezoni mwa mji alijua ni ofisi gani ingepima ardhi yake na kumlipa fidia. Zaidi ya hayo, diwani na mbunge wote waliingia katika uamuzi huo, na wote walikuwa kwenye karatasi za kura za Oktoba 2015. Ni kweli kwamba mwaka huo ulikuwa na wimbi la kitaifa la UKAWA. Hata hivyo, wimbi hilo lilipita Muleba pia na halikung'oa kiti cha ubunge. Wimbi la taifa lilihitaji ufa wa mahali ili liingie.

5.0 Muleba: suala bila kura

Muleba haikukosa masuala. Mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria ulithibitishwa wilayani humo mwaka 2006, kwa mara ya kwanza nchini. Wakulima na wafugaji waligombania maeneo ya malisho na ranchi. Operesheni Kimbunga ya mwaka 2013 ya kuwaondoa wahamiaji wasio na kibali iligusa familia zilizoishi vijijini kwa miaka mingi, na hatua kali za mwaka 2018 dhidi ya uvuvi haramu ziliwafikia wavuvi wa visiwani. Mwaka huohuo wa 2018 serikali iliagiza kahawa yote iuzwe kupitia ushirika, hatua iliyofunga mlango wa wanunuzi binafsi.

Wakulima walijibu, ila si kwa kura. Njia ya kwanza ilikuwa butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini kwa bei ya kutupa ili kupata fedha ya ada au matibabu. Njia ya pili ilikuwa magendo ya kwenda Uganda, ambako mnunuzi alilipa papo hapo. Njia ya tatu ilikuwa kuondoka. Utafiti uliofuatilia kaya za Kagera kati ya mwaka 1991 na 2004, uliochambuliwa na Beegle, De Weerdt na Dercon, ulionesha kuwa ukuaji wa matumizi ya waliohama ulizidi ule wa ndugu zao waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Kijana mwenye takwimu ya namna hiyo mbele ya macho yake, hata bila kuisoma, hasubiri miaka mitano ili apige kura.

Mwanauchumi Albert Hirschman alieleza mwaka 1970 kwamba mtu asiyeridhika na taasisi huweza kuondoka au kupaza sauti, na kwamba wepesi wa kuondoka hupunguza nguvu ya sauti. Muleba inaliunga mkono wazo hilo, lakini inaliongezea jambo. Walioondoka hawakuwa wengine na waliobaki wengine. Mkulima yuleyule aliivusha kahawa usiku na asubuhi akapanga foleni kukichagua chama kilichoyapiga marufuku magendo. Kwake huo haukuwa unafiki. Kahawa ilikuwa na njia yake, na kura ilikuwa ya mambo mengine: barabara, zahanati, maji na shule.

Mambo hayo mengine ndiyo yanayosaidia kueleza uchaguzi wa Muleba Kusini wa 2015. Anna Tibaijuka aliondolewa uwaziri wa ardhi Desemba 2014 kufuatia sakata la akaunti ya Tegeta Escrow. Miezi kumi baadaye wapiga kura walimrudisha bungeni. Suala lililotikisa Dodoma na Dar es Salaam halikuwa na uzito uleule kijijini, ambako alipimwa kwa elimu na ardhi.

Yapo pia masuala ambayo hayakufika kabisa kwenye kura. Kanuni ya kimila ya Wahaya iliyomnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo ilitenguliwa na Mahakama Kuu, Mwanza, mwaka 1990. Kanuni hiyo iligusa takriban nusu ya watu wazima, lakini iliondolewa na jaji. Ni vigumu kwa mgombea kuomba kura za ukoo huku akiipinga mila ya ukoo.

6.0 Tetemeko na mipaka ya hoja

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliipiga Bukoba, likaua watu na kubomoa maelfu ya nyumba. Serikali ilielekeza nguvu katika taasisi za umma, zikiwamo shule kama Ihungo, na Januari 2017 Rais John Magufuli aliwaeleza wananchi kwamba serikali haitawajengea nyumba binafsi. Hili lilikuwa suala lenye mhusika dhahiri kupita yote. Kwa mujibu wa hoja ya insha hii, lingetarajiwa kukipunguzia kura chama tawala. Kinyume chake, mwaka 2020 CCM ilikirejesha kiti cha Bukoba Mjini.

Je, hoja imeanguka? Jibu ni kwamba imeoneshwa sharti lake. Suala lenye anwani huhitaji pia jukwaa. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa tangu mwaka 2016, vyama vikuu vya upinzani vilijitoa katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019, na matokeo ya 2020 yalipingwa na vyama hivyo. Kitaifa, waliojitokeza kupiga kura walishuka kutoka takriban asilimia 67 ya waliojiandikisha mwaka 2015 hadi takriban asilimia 51. Katika mazingira hayo, matokeo hayawezi kusomwa kama hukumu ya wananchi kuhusu tetemeko, iwe ya kuilaumu serikali au ya kuisamehe. Mtafiti anayeyasoma hivyo anaifanya karatasi ya kura iseme jambo ambalo haikuulizwa.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonesha kwamba wapiga kura wa Bukoba na Muleba wamepima sera muda wote, na kwamba tofauti ya matokeo yao inatokana na muundo wa uwajibikaji zaidi kuliko dini, ukoo au kiwango cha elimu. Mwaka 1953 fukusi wa migomba alizaa siasa kwa sababu aliyetoa amri alijulikana. Mwaka 2015 viwanja na soko vilisaidia kukihamisha kiti kwa sababu waliohusika walikuwa kwenye karatasi. Bei ya kahawa, iliyo nzito kuliko yote, imebaki nje kwa sababu hakuna kiti kinachoimiliki.

Hivyo basi, watafiti wa uchaguzi hawana budi kuwa waangalifu na orodha za masuala ambayo wananchi huyataja kuwa muhimu. Orodha hiyo hueleza kinachouma, lakini haielezi ni maumivu yapi yana njia ya kufika kwenye sanduku. Kwa watunga sera, funzo ni zito zaidi. Ukimya wa kura za Muleba kuhusu kahawa haukuwa ridhaa. Jibu la wakulima lilikuwa likivuka mpaka usiku, ndani ya magunia.