Mswahili ni nani? Jibu liko makaburini

Hapa Membley, Ruiru, jirani yangu huniuliza: "Nyinyi watu wa pwani ni Waarabu au Waafrika?"

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya watu 80 wa kale, wengi wao waliozikwa pwani yetu. Katika makaburi ya Manda, Faza na Mtwapa, asili ya kukeni ilikuwa karibu yote ya Kiafrika. Kuumeni wengi walitoka Asia, hasa Uajemi. Kuchanganyika kulianza karibu mwaka 1000.

Majahazi yaliletwa na kaskazi. Wafanyabiashara wakaoa, na watoto wakashika lugha ya mama: Kiswahili, lugha ya Kibantu.

Basi jirani, sisi ni wenyeji. Wageni tuliwafanya jamaa.