Siri ya skrini ya simu: Fuwele kiowevu, maada iliyo kati ya yabisi na kiowevu

KATIKA soko la Nyakoe, kando ya barabara kuu itokayo mjini Kisii kuelekea Oyugis na Kisumu, si ajabu mwuzaji wa ndizi kuisahau simu yake juani kisha akaikuta skrini imekuwa nyeusi tititi, ilhali simu yenyewe ingali inalia inapopigwa.

Hilo si jambo dogo. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Kenya mnamo Machi 2007, skrini ya simu imekuwa daftari la mfanyabiashara. Asipoweza kuisoma, hajui kama mteja amelipa, wala hajui salio lake ni kiasi gani. Ndiyo sababu wengi hukimbilia kwa fundi na kulipia skrini mpya papo hapo.

Hata hivyo, mara nyingine skrini ya namna hiyo huwa haijaharibika. Kilichotokea ni kwamba maada iliyo ndani yake imebadili hali kwa sababu ya joto, na itarejea ilivyokuwa ikipoa. Maada hiyo huitwa fuwele kiowevu, na aina yake inayotumika zaidi katika skrini ni ile inayojulikana kama nematiki.

Kati ya yabisi na kiowevu

Wanafunzi hufundishwa kuwa maada ina hali tatu: yabisi, kiowevu na gesi. Katika fuwele ya kawaida, kama vile chumvi au sukari, kila chembe ina mahali pake maalumu. Chembe zikiwa na umbo refu, huwa pia na upande maalumu zinakoelekea. Fuwele ikiyeyuka na kuwa kiowevu cha kawaida, mpangilio wote hupotea kwa mara moja.

Nematiki husimama katikati. Molekuli zake zimepoteza mahali pake, hivyo maada hutiririka kama mafuta, lakini hazijapoteza mwelekeo. Mfano wake ni vijiti vya kuni vinavyoelea katika mto Gucha: kila kimoja huteleza kivyake, lakini vyote vimelala kuelekea upande mmoja. Tofauti ni kwamba kuni huelekezwa na mkondo wa maji, ilhali molekuli za nematiki huelekezana zenyewe.

Mwelekeo huo haujakamilika. Wanasayansi huupima kwa kipimo kinachoanzia 0, ambapo hakuna mpangilio wowote, hadi 1, ambapo molekuli zote zimelala sambamba. Nematiki nyingi huwa kati ya 0.3 na 0.7. Kadiri joto linavyopanda ndivyo kipimo hushuka polepole, kisha katika nyuzi fulani huanguka ghafla hadi 0. Hapo kiowevu kilichokuwa na utusitusi kama maziwa yaliyotiwa maji huwa angavu kabisa. Nyuzi hizo huitwa kiwango cha kung'aa.

Ugunduzi wa 1888

Aliyeitambua hali hii kwanza alikuwa mtaalamu wa mimea, Friedrich Reinitzer, aliyekuwa akifanya kazi mjini Prague mnamo 1888. Alikuwa akichunguza kemikali iliyotokana na kolesteroli alipoona kwamba ilikuwa na viwango viwili vya kuyeyuka. Katika nyuzi 145.5 za Selsiasi iligeuka kiowevu chenye utusitusi, na katika nyuzi 178.5 utusitusi huo ukatoweka.

Reinitzer alimwandikia mwanafizikia Mjerumani Otto Lehmann, ambaye alikuwa na hadubini yenye uwezo wa kupasha joto kile kinachotazamwa. Lehmann alithibitisha kuwa kiowevu hicho kiliupinda mwanga kama fuwele.

Mnamo 1922, Mfaransa Georges Friedel aliainisha hali hizo na kuzipa majina. Neno nematiki lilitokana na neno la Kigiriki lenye maana ya uzi, kwa sababu ya mistari kama nyuzi inayoonekana katika maada hiyo ikitazamwa kwa hadubini. Aina nyingine, smektiki, ni ile ambayo molekuli zake, mbali na kuelekea upande mmoja, zimejipanga kwa matabaka.

Umbo la molekuli

Si kila kemikali inayoweza kuwa nematiki. Molekuli zinazofaa zaidi ni ndefu na nyembamba, zenye kiini kigumu na mkia laini. Kiini hicho kwa kawaida huwa ni pete mbili au tatu za atomu, zilizounganishwa kwa mstari. Ugumu wake ndio unaozifanya molekuli zilale sambamba. Mkia, ambao ni mnyororo wa atomu za kaboni na haidrojeni, huzizuia molekuli kushikamana mno na kugeuka yabisi upesi.

Mfano maarufu ni kemikali inayofahamika kwa ufupi kama 5CB, iliyotengenezwa na kundi la Profesa George Gray katika Chuo Kikuu cha Hull, Uingereza, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kila molekuli yake ina atomu 18 za kaboni, 19 za haidrojeni na moja ya nitrojeni. Katikati pana pete mbili. Upande mmoja pana mkia wa kaboni tano, na upande wa pili pana kaboni na nitrojeni zilizoshikana kwa nguvu. Ncha hiyo ya nitrojeni huvuta umeme, na kwa sababu hiyo molekuli nzima hugeuka inapowekwa kati ya bamba mbili zenye umeme.

Urefu wa mkia hubadili mambo kwa namna isiyotarajiwa. Molekuli yenye kaboni tano hung'aa karibu na nyuzi 35. Ikiongezwa kaboni moja, kiwango hicho hushuka hadi karibu nyuzi 29. Ikiongezwa nyingine, hupanda hadi karibu nyuzi 43. Sababu ni kwamba mkia huenda upande kwa upande kama ngazi: kwa idadi fulani ncha yake huelekea sambamba na kiini, na kwa idadi nyingine hutokeza pembeni na kuvuruga mpangilio. Mkia wenye kaboni nane huleta jambo jingine: kabla ya kuwa nematiki, maada hupitia kwanza hali ya smektiki.

Nyuzi za Nyakoe

Kemikali ya 5CB ikiwa peke yake huyeyuka karibu na nyuzi 24 na kubaki nematiki hadi nyuzi 35. Upeo huo wa takriban nyuzi 11 ulikuwa hatua kubwa wakati huo, kwani kemikali nyingi za awali zilihitaji kupashwa joto zaidi ya nyuzi 100.

Lakini upeo huo haumtoshi mtu wa Nyakoe. Katika nyanda hizi za juu, joto la usiku hushuka hadi karibu nyuzi 15, na la mchana hupanda kupita nyuzi 25 kidogo. Skrini iliyojazwa 5CB tupu ingekuwa katika hatari ya kuganda kila usiku. Ni kweli kwamba kemikali hii inaweza kubaki kiowevu kwa muda hata chini ya nyuzi zake za kuganda, lakini hakuna mtengenezaji anayeweza kutegemea bahati hiyo. Huko Lodwar, ambako joto la mchana mara nyingi hufika nyuzi 35, skrini hiyo hiyo ingepoteza mpangilio wake wote.

Suluhisho lilikuwa kuchanganya. Kemikali zenye maumbo yanayokaribiana zikichanganywa, kila moja huizuia nyingine kujipanga kama fuwele, hivyo mchanganyiko huganda katika nyuzi za chini kuliko kemikali yoyote peke yake. Kisha huongezwa kiasi kidogo cha molekuli zenye pete tatu ili kukipandisha kiwango cha kung'aa. Mchanganyiko mmoja maarufu wa kemikali nne, uitwao E7, hubaki nematiki kutoka chini ya nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 60.

Jinsi skrini inavyofanya kazi

Skrini sahili, kama ile ya kikokotoo au saa ya mkononi, ina vioo viwili vilivyoachana kwa mikroni chache tu, umbali ulio mdogo mara nyingi kuliko unene wa unywele. Ndani yake mna nematiki. Nyuso za vioo husuguliwa ili molekuli zinazozigusa zilale upande maalumu, na upande wa kioo cha juu hukingamana na ule wa kioo cha chini. Molekuli zilizo katikati hulazimika kujisokota kama kamba kwa robo ya mzunguko.

Nje ya vioo hubandikwa vichujio viwili vya mwanga, ambavyo navyo hukingamana. Bila nematiki, mwanga unaopita kichujio cha kwanza huzuiwa na cha pili. Msokoto wa molekuli huuzungusha mwanga ukapita, na skrini ikaonekana nyeupe. Umeme wa volti chache ukiwekwa, molekuli husimama wima, msokoto hutoweka, mwanga huzuiwa na sehemu hiyo huwa nyeusi. Hivyo ndivyo nambari huandikwa. Mbinu hii ilibuniwa na Martin Schadt na Wolfgang Helfrich nchini Uswisi mnamo 1970.

Hapo ndipo jibu la skrini nyeusi ya sokoni linapopatikana. Joto likipita kiwango cha kung'aa, molekuli hupoteza mwelekeo, msokoto hufa, mwanga hauzungushwi tena na skrini yote hugeuka nyeusi ingawa hakuna kilichovunjika. Katika baridi kali hutokea kinyume: molekuli hugeuka polepole na maandishi hukokoteka.

Skrini za simu nyingi za kisasa zina kemikali zenye florini na msokoto wa namna nyingine, na simu kadhaa za bei ghali hutumia teknolojia isiyohitaji fuwele kiowevu kabisa.

Kabla ya kulipia skrini mpya

Mtu ambaye skrini yake imekuwa nyeusi baada ya kuachwa juani, au juu ya dashibodi ya matatu, anashauriwa kuizima simu na kuiweka kivulini kwa muda. Haifai kuitia katika jokofu au kuimwagia maji baridi, kwani unyevu utaingia ndani. Nambari zikirejea, hakuna cha kutengenezwa.

Iwapo weusi una umbo la doa la wino, na ulianza baada ya simu kuanguka, basi kioo kimepasuka na nematiki imevuja. Doa hilo haliponi kwa kivuli, na skrini haina budi kubadilishwa. Kiowevu hicho kikigusa ngozi, kinafaa kuoshwa kwa sabuni na maji mengi.

Tahadhari hiyo ina sababu. Mnamo 2019, watafiti wa Canada na China walichunguza kemikali 362 za fuwele kiowevu na kutaja karibu 100 kuwa zina uwezekano wa kudhuru. Walizipata baadhi yake hata katika vumbi la nyumbani. Aidha, runinga bapa na kompyuta nyingi za miaka ya 2000 zilikuwa na taa nyembamba zenye zebaki nyuma ya skrini, hivyo hazifai kuchomwa pamoja na takataka za soko.

Nchini Kenya, Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022 inawataka wazalishaji wabebe wajibu wa bidhaa zao zinapogeuka kuwa taka. Kwa fundi wa Nyakoe, hatua ya kwanza ni ndogo zaidi: kuweka skrini zilizopasuka katika ndoo yenye kifuniko, mbali na watoto na chakula, hadi zitakapochukuliwa na wanaozishughulikia.